Jiwe la Ngazini na Mtu wa Nazareti

Mwaka 1961 wanaakiolojia wa Kiitalia waliokuwa wakichimba magofu ya ukumbi wa michezo huko Kaisaria, pwani ya Israeli, waligeuza jiwe lililokuwa limetumika kama kipandio cha ngazi. Juu yake, kwa herufi za Kilatini zilizomegeka, palikuwa na jina la Pilato, liwali wa Uyahudi.

Jiwe hilo halimtaji Yesu. Kwa wanaodai alitungwa tu, huo ni ushindi. Lakini fundi wa kijijini angechongewa jiwe na nani?

Maandishi ndiyo yenye uzito. Tacitus, Mrumi aliyewadharau Wakristo waziwazi, aliandika mnamo mwaka 116 kwamba Kristo aliuawa kwa amri ya Pilato. Kabla yake Josephus, Myahudi, alisimulia kuuawa kwa Yakobo, ndugu wa Yesu aitwaye Kristo. Anamtaja Yesu kwa kupita tu, kama mtu anayejulikana. (Josephus ana aya nyingine yenye sifa tele, ila hiyo wanazuoni wengi wanaona ilitiwa chumvi na wanakili Wakristo.) Naye Paulo anawaambia Wagalatia kwamba alionana na Yakobo huyohuyo Yerusalemu. Ni vigumu kukutana na ndugu wa mtu wa kubuni.

Hata Bart Ehrman, msomi wa Marekani asiye muumini, aliandika kitabu kizima mwaka 2012 kutetea kwamba Yesu aliishi. Kama alifufuka, hilo Tacitus hakuulizwa.