Samaki anapimiwa umeme, na mtu wa shimoni je?

Ndugu wafanyakazi, na nyinyi ba mama wa kambini, leo nitasema juu ya samaki. Lakini musigeuze ukurasa, maneno haya yanatuhusu.

Kule Kanada, pwani ya magharibi, kuko wavuvi wa samaki salmoni. Mashua inatembea polepole, inavuta ndoano nyuma. Kusudi ndoano ifike chini sana, wanatumia winchi ndogo yenye waya wa chuma na uzito wa risasi kwenye mwisho wake. Tena mashua imefungwa vipande vya zinki ndani ya maji, kusudi kutu ikule zinki, isikule mashini. Sasa hesabu: zinki, chuma, maji ya chumvi. Hiyo ni batri! Waya ule unapata umeme, nusu volti ao zaidi kidogo, hata kama hakuna mtu aliyeufunga popote.

Wavuvi wengi wanaamini kwamba umeme ule ukiwa wa kadiri, salmoni anakaribia. Ukizidi ao ukigeuka, anakimbia. Kwa hiyo, mbele ya kuvua, mvuvi anakamata kipima-volti, anasoma. Hesabu ikiwa mbaya, anatafuta kable yenye kuchubuka ao zinki yenye kwisha, anatengeneza. Kiisha anatupa ndoano.

Kama samaki anawasikia ao hapana, hiyo ni mambo yao. Mimi ninaona kitu kimoja: mtu anapima nusu volti kwa ajili ya samaki. Na sisi?

Zinki tunaijua, Kipushi ilianza kuchimbwa tangu 1924. Lakini ndani ya migodi mingi, pompi iko ndani ya maji, kable inalala ndani ya matope, na mtu amesimama pale na viatu vimelowa. Pale haiko nusu volti, iko 380. Wenye kujua umeme wanafundisha: mahali pakavu, volti 50 ndiyo mwisho, penye maji, 25 tu. Tena iko dijonktere ya kulinda watu, ya miliampere 30, inakata mara moja umeme ukivuja. Dawa iko, inauzwa.

Shefu atasema tani zinachelewa. Basi tumuulize: maiti moja inachelewesha tani ngapi? Na mjane, nani atamulipa miaka yake?

Tuombe mambo matatu. Mbele ya kila posti, fundi wa umeme aangalie kable, waya wa kupeleka umeme udongoni na dijonktere. Aandike katika kitabu, delege wa sindika atie sahihi. Na mwenye kukataa kuingia katika maji yasiyopimwa asifukuzwe.

Ba mama, bwana akirudi nyumbani, mumuulize: leo walipima? Akinyamaza, mukuje mutuambie.