Anayependwa Ana Haki ya Kujua

Filamu ya Kitelugu Geethanjali, aliyoiongoza Mani Ratnam mwaka 1989, yawakutanisha vijana wawili huko Ooty, mji wa milimani kusini mwa India. Prakash ana saratani. Geethanjali ana ugonjwa wa moyo, naye haogopi kukizungumzia kifo chake. Prakash ayajua hayo yote, lakini ugonjwa wake mwenyewe amficha. Wengi humwona mstahimilivu. (Muziki mtamu wa Ilaiyaraaja, tukiri, hulainisha hukumu.) Sisi twaona amemnyima mwenzake nafasi ya kuchagua huzuni atakayoibeba. Binti aliyeyatazama mauti bila kupepesa alistahili kuambiwa na mpenzi wake mwenyewe. Habari ile akaja kuipata kwa mama yake Prakash.