Watoto wetu watengeneze gemu, wasiwe wachezaji tu



Ndugu wazazi na wanafunzi, baada ya kumshukuru Allah (S.W.) na kumtakia rehema na amani Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), leo tunapenda kuzungumzia jambo ambalo kila likizo huleta ugomvi katika nyumba nyingi za Jinja na Mbale. Nalo ni magemu ya simu.

Kila mzazi anaijua hali hii. Shule zinafungwa, mtoto anachukua simu ya mama yake, na simu hairudi mpaka chaji imekwisha. Akiitwa kula anasema "bado kidogo". Ikiadhiniwa Magharibi anasema "namalizia hii tu". Wazazi nao wamegawanyika. Wapo wanaoifungia simu kabatini, na mtoto huenda kucheza kwa jirani. Wapo waliochoka, wakaacha liwe liwalo. Sisi walimu wa madrasa tunaona ipo njia ya tatu, na hiyo ndiyo hoja yetu leo: mpe mtoto kazi ya kutengeneza gemu moja ndogo ya kufikirisha, na umwekee siku chache za kuimaliza.

Jambo hili hatukulibuni sisi. Duniani yapo mashindano yanayoitwa gemu jamu. Washiriki hupewa mada na muda mfupi, mara nyingi saa 48, na katika muda huo hutakiwa kutengeneza gemu kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Ludum Dare ilianza mwaka 2002, na Global Game Jam ilianza Januari 2009. Mengi ya mashindano haya hayana zawadi ya fedha. Anachopata mtu ni kwamba amemaliza kitu, na watu wengine wamekicheza. Mojawapo linaitwa LOWREZJAM, na sharti lake kubwa ni kwamba picha ya gemu isizidi nukta 64 kwa 64.

Msomaji anaweza kuuliza, nukta 64 kwa 64 ni kiasi gani? Ni nukta 4,096 tu, wakati simu nyingi za leo zina nukta zaidi ya milioni moja. Lakini wazazi wa rika letu wasicheke. Ule mchezo wa nyoka tulioucheza kwenye Nokia, uliotengenezwa na Taneli Armanto wa Finland mwaka 1997, ulikuwa kwenye kioo cha nukta 84 kwa 48. Zidisha utapata 4,032, pungufu ya hizo 4,096. Hata hivyo watu wazima walikosa kushuka kwenye matatu kwa sababu ya nyoka yule. Na Tetris, iliyobuniwa Moscow na Alexey Pajitnov katikati ya miaka ya 1980, ilianzia kwenye kompyuta isiyoweza kuonyesha picha kabisa, ikabidi achore matofali yake kwa alama za mabano. Uwanja wake ulikuwa vyumba 10 kwa 20 basi. Kinachomshika mchezaji ni kanuni, wala si uzuri wa picha.

Kwa nini basi tunasisitiza udogo? Kwa sababu mtoto ukimwambia "tengeneza gemu", atataka kutengeneza kama lile la mpira au la vita analoliona kwenye simu. Yale hutengenezwa na mamia ya watu kwa miaka na kwa mali nyingi. Atahangaika wiki moja, atashindwa, na atabaki na dhana kwamba kazi hizi zina wenyewe, na yeye si katika wao. Ukimwekea mpaka wa nukta 64, kazi nzima inaingia ndani ya daftari la hesabu lenye miraba. Kila mraba ni nukta moja. Anaweka kivuli au anaacha wazi. Hahitaji hata umeme kwa hatua hiyo, na sisi wa Jinja, tunaokaa kando ya bwawa lililofunguliwa mwaka 1954, tunajua umeme unavyokatika hata ukiishi mlangoni pake.

Wanafunzi wa madrasa wana mwanzo mzuri katika jambo hili. Ipo hati ya Kufi ya mraba, ambayo mafundi wa Kiislamu waliipanga kwa matofali kwenye kuta za misikiti ya Uajemi na Asia ya Kati karne nyingi zilizopita. Kila herufi inakaa kwenye miraba, haina mviringo wala mshazari, na bado inasomeka. Fundi yule alikuwa na tofali tu, akalazimika kujua ni sehemu gani ya herufi haiwezi kuachwa. Mtoto anayechora dumu la maji kwa nukta tano kwa tano anajiuliza swali lilelile.

Sasa tueleze ilivyokuwa tulipoijaribu kazi hii likizo iliyopita hapa Jinja, na vijana wanane, wavulana watano na wasichana watatu. Tulitumia programu ya bure iitwayo PuzzleScript, iliyotolewa na Stephen Lavelle mwaka 2013 mahususi kwa magemu ya mafumbo ya ubao. Kila kitu ndani yake huchorwa kwa nukta 5 kwa 5. Ukipanga ubao wa vyumba 12 kwa 12, unapata nukta 60 kwa 60, nawe uko ndani ya sharti.

Kanuni tuliichukua kutoka Sokoban, mchezo wa Kijapani uliotoka mwaka 1982, wa mtu anayepanga makasha ghalani. Kanuni yenyewe ni sentensi moja: mchezaji akilielekea kasha, kasha nalo husogea mbele yake. Anaweza kusukuma, hawezi kuvuta, wala hawezi kusukuma mawili kwa pamoja. Vijana wetu waliligeuza ghala kuwa uwanja wa msikiti, na makasha wakayafanya madumu ya njano. Kazi ya mchezaji ni kulifikisha kila dumu mahali pa kutawadhia. Mchezaji mwenyewe walimchora kama kofia tu, bila uso. Kuhusu kuchora viumbe wanazuoni wana maneno yao, na kwa nukta 25 hakuna haja ya kuingia katika mjadala huo.

Hatua ya kwanza iliwachukua alasiri moja. Wakafurahi, wakadhani wamemaliza. Ndipo ugumu ulipoanza, maana kutengeneza fumbo ni kazi nyingine kuliko kulifumbua. Ukiweka kuta nyingi, fumbo halifumbuliki. Ukiweka chache, kila mtu anapita bila kufikiri. Dumu likiingia kwenye kona halitoki tena, kwa hiyo mtengenezaji lazima ajue kona zipi ni mtego wa haki na zipi ni dhuluma kwa mchezaji. Tuliwafundisha waanzie mwisho: waweke madumu yote mahali pake, kisha wayarudishe nyuma hatua moja moja mpaka mwanzo. Hapo wakawa na uhakika kwamba njia ipo.

Baada ya siku sita walikuwa na hatua saba. Tukalituma faili kwa ndugu zao wa Mbale, wakalifungua kwenye laptopu ya kaka yao anayesoma Chuo Kikuu cha Kiislamu (IUIU). Tulitoa agizo moja kwa kaka huyo: watoto wacheze, yeye akae kimya, asiwaelekeze hata kwa kidole, aandike tu wanachofanya.

Majibu yalikuja jioni. Hatua ya nne, ambayo vijana wa Jinja walijivunia kuwa haiwezekani kwa chini ya hatua thelathini, msichana wa miaka kumi wa Mbale aliimaliza kwa hatua kumi na moja, kwa kupita upande ambao hakuna aliyeufikiria. Mmoja wa watengenezaji alisema "ameiba". Hakuiba. Njia ilikuwa wazi, ila wao hawakuiona. Wakaongeza ukuta mmoja kuziba, na ukuta ule ukaifanya hatua nzima isifumbulike. Wakaurudia ubao wote siku nzima, safari hii bila kulalamika.

Wazazi wenzetu, somo hilo hatujui tungelifundisha vipi kwa mihadhara. Kijana aliona kwa macho yake kwamba anachodhani amekisema sicho mwenzake anachokisikia, na kwamba anayekuonyesha kosa la kazi yako amekusaidia. Tena walijifunza lingine, ambalo kwetu ndilo kubwa. Mmoja wao, akiwa na simu ya mama yake mkononi, alituonyesha gemu analolipenda akasema, "Maalim, hapa wananisubirisha saa nne ili nichoke ninunue." Ameanza kumwona mtu aliye nyuma ya kioo. Aliyewahi kuupanga mtego kwa mikono yake huutambua anapotegewa.

Hata hivyo si wote walioridhika, na haki inatutaka tuyaseme na yao. Hajji mmoja, mtu tunayemheshimu sana, alimwondoa mjukuu wake siku ya tatu. Alitwambia, "Maalim, mtoto nilimleta ahifadhi Qur'an, sikumleta achore madumu." Tunalipima neno hili kwa uzito wake. Wakati wa mtoto ni amana, na mwalimu atakayeiacha hifdhi kwa ajili ya kompyuta amekhini amana hiyo. Ndiyo maana kazi hii tuliiweka baada ya Alasiri, nje ya saa za darasa, na aliyekuwa nyuma katika hifdhi hakuruhusiwa kukaa mpaka awe ameikamilisha sehemu yake.

Lakini hatukubaliani na Hajji anapoweka kila mchezo katika kapu moja. Mafumbo ya ubao si mageni kwa Waislamu. Zama za Banu Abbas, as-Suli wa Baghdad aliandika juu ya sataranji na mafumbo yake. Wanazuoni walitofautiana katika hukumu: wapo walioiharamisha, na katika madhehebu ya Imam Shafi'i, ambayo wengi wetu hapa tunayafuata, ilihesabiwa kuwa ni makuruhu. Hata hao wasioiharamisha waliweka masharti: isiwe kamari, isimpitishe mtu wakati wa swala, na isilete matusi na uadui. Masharti hayo yanatosha kuwa mizani yetu hadi leo. Ukiyachukua ukaenda nayo kwenye vibanda vya kubeti vilivyojaa barabara za miji yetu, utaona hatari ya kweli iko wapi. Kijana anayekaa pale hajifunzi kufikiri. Anajifunza kungoja bahati. Yule wa madumu hana bahati ya kungoja, maana kila kitu kiko mbele yake, na akikwama anajua amekwamishwa na hatua yake mwenyewe.

Wapo watakaosema kwamba haya ni ya watoto wa matajiri. Tunawakumbusha habari ya Lual Mayen, kijana wa Sudan Kusini aliyekulia katika kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda hii hii. Mama yake aliweka akiba kwa miaka mitatu mpaka akapata dola 300 za kumnunulia laptopu. Kijana alikuwa akitembea saa tatu kwenda kuichaji. Akajifundisha mwenyewe, akatengeneza gemu ya amani, akaiita Salaam, na akaanza kuisambaza kambini kwa Bluetooth. Mwaka 2018 alitambuliwa katika hafla ya The Game Awards huko Los Angeles. Hatusemi kila mtoto atafika huko. Tunasema laptopu moja ya familia, au moja ya msikiti, inawatosha vijana wanane wakipeana zamu.

Kwa mzazi au mwalimu atakayependa kujaribu likizo ijayo, tunashauri haya:

1. Siku zisizidi kumi, na ratiba ifuate swala. Mashindano mengine yanasifu kukesha, sisi tusikeshe. Mtoto aliyechoka hutengeneza fumbo baya, na hupitwa na Alfajiri.

2. Siku mbili za mwanzo wafanye kwenye karatasi. Madumu yawe vizibo vya soda, kuta ziwe njiti za kiberiti. Fumbo lisilochezeka mezani halitachezeka kwenye kioo.

3. Kanuni iwe moja. Anayetaka ya pili amalize kwanza hatua tano kwa ile ya kwanza.

4. Maneno yote ya gemu yawe ya Kiswahili, Lusoga au Lugisu. Sekta hii imejaa lugha za wengine, na kwa nukta chache kama hizi maneno ni machache, yawe yetu.

5. Wa Jinja wajaribiwe na wa Mbale, na wa Mbale wajaribiwe na wa Jinja. Anayejaribu asiwe ameiona kazi ikitengenezwa, na mtengenezaji asiwepo kumwelekeza.

6. Siku ya mwisho ikifika, kazi ifungwe ilivyo. Hatua nne zilizokamilika ni bora kuliko ishirini zilizoachwa njiani.

Ama mjukuu wa Hajji hajarudi kwenye kundi la alasiri, ingawa hifdhi anaendelea vizuri. Tumemwomba babu yake aje mwenyewe likizo ijayo aketi na vijana, na aijaribu ile hatua ya nne. Hajatujibu, nasi hatumlazimishi, kwani mtoto ni wake na atakayeulizwa juu yake ni yeye kabla yetu. Tunachomwomba yeye na kila mzazi ni kwamba kabla ya kuifungia simu kabatini, amuulize mtoto swali moja: hiki unachokicheza, unaweza kukitengeneza?

Wabillahi tawfiq.