Kiwavi Hali Soseji

KANDO YA ERIE
Na Zawadi Bahati

Kitabu cha Eric Carle kuhusu kiwavi mwenye njaa kilitoka mwaka 1969. Mwandishi alizaliwa Syracuse, hapa hapa jimboni kwetu New York, na sidhani kuna chekechea kati ya Buffalo na Lackawanna isiyo na nakala yake, pembe zimetafunwa na watoto. Kinapendeza, na kimejaa uongo. Kiwavi anakula tofaa, anakula peya, kisha anahamia kwenye keki, jibini na soseji. Mwishoni anajifungia kwenye kifuko na kutoka kipepeo. Lakini kifuko cha nyuzi ni kazi ya nondo. Kiwavi wa kipepeo kwa kawaida huvua ngozi yake ya mwisho, na chini yake kuna pupa yenye gamba gumu, inayobaki wazi bila kufunikwa na kitu.

Sisemi kitupwe. Nasema hicho ni kitabu kizuri sana cha kuanzia sayansi, mradi mzazi akae ubavuni mwa mtoto na abishane nacho. Kwa Kiswahili.

Nilimwona mama mmoja wa Kivu Kusini akifanya hivyo katika maktaba ya Lackawanna, ile ya Ridge Road iliyojengwa kwa fedha za Carnegie, tajiri wa chuma. Kiingereza chake ni cha kuombea maji. Alifuata picha tu, na alipofika kwenye soseji akacheka. "Huyu anatudanganya. Kiwavi ana mti wake. Ukimtoa kwenye mti wake, anakufa na njaa." Akamweleza mwanawe jinsi walivyookota viwavi kwao, wa kukaanga ni wepi, wenye manyoya ya kuwasha ni wepi, na mti upi wa kuutazama mvua zikianza. Mtoto akauliza: "Na wa hapa, mti wao upi?"

Mwalimu gani wa sayansi asingelitamani swali hilo? Jibu liko Tifft, mwendo mfupi wa gari, hifadhi ya ekari 264 inayosimamiwa na Makumbusho ya Sayansi ya Buffalo, mahali palipokuwa jalala zamani. Wakati wa joto, kwenye mimea yenye utomvu mweupe, utamkuta kiwavi wa milia myeusi, myeupe na ya njano. Ni wa kipepeo aitwaye monaki. Utotoni hali jani jingine lolote, na kizazi cha mwisho cha mwaka huruka mpaka Mexico kukimbia baridi. Jamaa yake wa karibu yuko Afrika Mashariki, wa rangi ya chungwa vilevile, naye hutaga kwenye mimea ya utomvu.

Wazazi wengi wa jamii yetu wanamwachia mwalimu kitabu kwa sababu waliambiwa na huyu na yule kwamba nyumbani kuzungumzwe Kiingereza tu. Ushauri mbovu. Mtu aliyelima, aliyechunga, aliyevua samaki Tanganyika, anageuzwa bubu mbele ya picha ya samaki.

Uchaguzi wa kitabu nao una uzito. Mwaka 2014 mtafiti Patricia Ganea wa Chuo Kikuu cha Toronto na wenzake walichapisha utafiti wa vitabu vya picha kuhusu wanyama ambao watoto hawakuwajua, akiwemo yule ndege anayepanda migongoni mwa vifaru kula kupe. Pale mnyama alipoelezwa kana kwamba anawaza na kuongea kama mtu, watoto walijifunza mambo ya kweli machache juu yake kuliko pale alipoelezwa kama alivyo. (Sungura wetu mjanja mwacheni. Hakuwahi kudai anafundisha biolojia.)

Kitabu ambacho ningependa kila nyumba yetu iwe nacho ni cha William Kamkwamba wa Malawi, toleo la picha la mwaka 2012, lililochorwa na Elizabeth Zunon aliyekulia Ivory Coast. Kijana alikosa karo wakati wa njaa, akasoma vitabu vya maktaba ya kijiji, akaunda mtambo wa upepo kwa mikaratusi, feni ya trekta, baiskeli na dainamo. Watoto wa Lackawanna wanaiona mitambo mikubwa kama huo ufukweni, iliyosimikwa kuanzia 2007 pale kilipokuwa kiwanda cha Bethlehem Steel. Na baba yeyote aliyepanda baiskeli usiku Uvira au Kigoma anajua kilicho ndani ya mitambo hiyo: ukikanyaga taratibu taa inafifia, ukikaza inawaka, na ukiwasha dainamo pedali zinakuwa nzito, kwa sababu mwanga ule unatoka kwenye miguu yako. Mwambieni mtoto hivyo, kisha mwonyesheni mapangaboi.

Wasio na kitabu wana simu. Mradi wa African Storybook, ulioanzishwa Afrika Kusini, una hadithi za picha za Kiswahili, bure. Ila mimi bado nataka karatasi rafuni. Mkutubi hanunui kitabu cha Kiswahili ambacho hakuna aliyewahi kukiulizia, kwa hiyo Jumamosi hii wapitie Ridge Road walau watu kumi, waulizie vitabu vya picha vya Kiswahili.