Nyuzi 85 Zisifutwe
Kipimajoto cha elektroniki DS18B20, kinachotumika sana katika vinasa-vipimo vya bei nafuu, hushikilia nyuzi 85 za Selsiasi kila kiwashwapo, kabla hakijapima lolote. Kipimo chake cha biti 12 huhitaji hadi milisekunde 750. Programu isiyosubiri huziandika 85 hizo kana kwamba ndizo joto la darasani. Mwanafunzi akiongeza amri ya kuzifuta, jedwali hupendeza. Huko ni kuficha hitilafu, wala si kuitengeneza. Namba hiyo ni shahidi: ama programu ina pupa, ama umeme umekatika kidogo katika waya. Iachwe jedwalini pamoja na saa yake, muda wa kusubiri uongezwe; ikirudi, nyaya zikaguliwe. Tena maji yaliyochemka, yakipoa, hupita nyuzi 85 za kweli, na amri ile itazifuta nazo.