Kiendelezi au Programu ya Kujitegemea?

Wahenga walinena kwamba mchagua jembe si mkulima. Hata hivyo, wanachuo wanaojifunza kutengeneza zana za kufundishia kwa kompyuta hawana budi kuchagua, kwani jembe lisilofaa huwapotezea msimu mzima.

Njia zipo mbili. Ya kwanza ni kiendelezi, yaani programu ndogo inayopachikwa ndani ya kivinjari, kile chombo cha kufungulia kurasa za intaneti. Ya pili ni programu ya kujitegemea, ambayo huwekwa katika simu au kompyuta na kufanya kazi pasipo kivinjari.

Wengi huvutwa na kiendelezi, nasi hatuwalaumu. Huandikwa kwa HTML, CSS na JavaScript, lugha zile zile za kurasa za intaneti. Ada ya kujiandikisha katika duka la Chrome ni dola 5, ilhali Google Play hutoza dola 25 na Apple dola 99 kila mwaka. Aidha, kiendelezi chaweza kuugusa ukurasa wenyewe anaousoma mtu, kwa mfano kueleza neno gumu pale pale lilipoandikwa.

Lakini yatupasa kujiuliza: ni nani atakayekitumia, na wapi? Chrome ya kawaida ya simu za Android haipokei viendelezi. Firefox ya simu hizo huvipokea, na tangu Desemba 2023 imevifungulia mlango mpana zaidi. Hata hivyo, mwalimu mwenye simu pekee, kijijini ambako mtandao huja na kutoweka, atanufaika zaidi na programu iliyokwisha kuhifadhi hadithi na mazoezi ndani ya simu.

Jambo jingine ni amana. Kiendelezi kilichopewa ruhusa ya kusoma kurasa zote chaweza kuziona hata alama za wanafunzi zinazoandikwa humo. Yafaa kiombe ruhusa zile tu zinazohitajika kwa kazi yake.

Maoni yetu ni haya: kazi ikiwa imo ndani ya kurasa, kiendelezi chatosha, ikiwa ni ya darasani, mbali na mtandao, tujitaabishe na programu ya kujitegemea. Mwanachuo aanze kwa kuandika katika andalio la somo mtoto atafanya nini, na kwa chombo kipi kilichopo. Akianzia kwenye mashine, atapata zana ya kumpendeza mkaguzi siku moja, na mtoto abaki hajui kusoma.