Msasa Unaokula Fedha

Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Methali hiyo imewaponza wenye magitaa makongwe. Mtu anarithi gitaa la Fender la mwaka 1961, analikuta limechubuka ubavuni, rangi ina nyufa nyembamba kama za chungu cha zamani, na weupe wake umegeuka rangi ya siagi. Wazo la kwanza ni fundi: apige msasa, apulize rangi mpya, gitaa ling'ae, kisha liuzwe ghali.

Imani hiyo ni potofu na inawatia watu hasara. Katika soko la magitaa makongwe la Marekani na Ulaya, wafanyabiashara wamezoea kukadiria kwamba gitaa lililopakwa rangi upya huuzwa kwa karibu nusu ya bei ya lile lenye rangi ya kiwandani. Nusu ya mali imeyeyuka, na fundi naye amelipwa.

Mnunuzi wa gitaa kongwe anatafuta ushahidi kwamba chombo ni chenyewe. Rangi ya nitroselulosi, iliyotumiwa sana na kampuni za Fender na Gibson miaka ile, hupakwa nyembamba. Kadiri inavyozeeka hunywea, hupasuka na kuingia umanjano. Ndiyo sababu magitaa mengi ya Fender yaliyotoka kiwandani na buluu iitwayo Lake Placid Blue leo yanaonekana ya kijani: vanishi ya juu imekuwa manjano. Wekundu wa Gibson Les Paul za mwaka 1958 hadi 1960 nao umefifia kwa mwanga, kila gitaa kwa namna yake. Kazi hiyo ya miaka sitini haiwezi kupulizwa kwa bomba mchana mmoja. Tena msasa hauishii kwenye rangi. Unakula mbao na kubadilisha mikunjo ya kiwiliwili, na fundi anayetaka kazi safi huziba hata matundu madogo ya misumari yaliyobaki tangu kiwandani, alama ambazo mkaguzi huzitafuta kabla ya kutamka bei.

Fender wenyewe wanalijua hili. Mwaka 1995 walianza kuuza magitaa mapya yaitwayo Relic, yaliyochubuliwa kwa makusudi yafanane na ya kale, na wateja wakakubali kulipa ziada. Mikwaruzo ya kuigiza inanunuliwa, halafu mwenye mikwaruzo ya kweli anaifuta!

Tazama gitaa la Fender aina ya Stratocaster la mpigaji Rory Gallagher wa Ireland. Aliinunua mjini Cork mwaka 1963 ikiwa imeshatumika, akaipiga hadi rangi karibu yote ikabanduka na mbao ikabaki wazi. Iliwahi kuibwa, ikaokotwa mtaroni. Hakuipaka upya. Mwaka 2024 iliuzwa mnadani London kwa pauni 889,400.

Watetezi wa rangi mpya watataja Les Paul ya mpigaji gitaa Jeff Beck ya mwaka 1954. Ni kweli, ilitoka kiwandani ikiwa ya dhahabu, ikapakwa rangi ya damu ya mzee, hata vinasa sauti vyake vikabadilishwa. Januari 2025 ikauzwa kwa pauni 1,068,500. Lakini fedha zile zilitolewa kwa ajili ya mikono ya Beck. Mwondoe Beck, na rangi ileile ingekuwa sababu ya mnunuzi kuomba apunguziwe.

Gitaa lililopakwa upya si takataka. Linalia vizuri, na mpigaji asiye na fedha nyingi hupata chombo bora kwa bei nafuu, mradi muuzaji aseme ukweli. Kuificha rangi mpya ni wizi. Bali kwa yule ambaye gitaa lake bado lina rangi ya kiwandani, ombi ni moja: lifute vumbi kwa kitambaa laini kikavu, lipeleke kwa mkaguzi anayeyajua magitaa ya zamani, na umwambie fundi wa rangi hapana.